Sura ya Sita: Jiwe la Mgeni

Mzee Nasri alikataa chai. Koplo Majidi akakisogeza kikombe karibu zaidi, na mzee akakisukuma kwa nyuma ya mkono, taratibu, kama mtu anayemfukuza paka wa jirani.

"Chai ya kituoni anywe mwenye hatia," alisema. "Mimi nitakunywa kwangu."

Inspekta Getruda Kasimiri alivuta kiti akaketi. Alikuwa amehamishiwa Tabora mjini kutoka Goweko wiki ileile, hata masanduku yake hayajafunguliwa, na jalada la kwanza kuwekwa mezani kwake lilikuwa hili. Elieth, mwalimu wa historia kutoka Mwanza. Alikuja likizo ya Juni kuutembea mji kwa miguu. Asubuhi moja alitoka kwenye nyumba ya wageni kule Ipuli na hakuonekana tena. Sasa ilikuwa Oktoba, miombo imeshachipua majani mekundu, na kila alasiri mawingu yalijikusanya juu ya mji yakatazama chini bila kutoa tone.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndiye niliyepewa jalada."

"Basi muulize huyu mjukuu wa Mustafa." Kidevu chake kilimwelekea Majidi. "Babu yake nimecheza naye bao mpaka anaingia kaburini. Leo huyu ananiuliza jina langu la tatu."

"Ni utaratibu, babu," Majidi alisema.

"Utaratibu! Mlipokuja kunichukua mlikanyaga mkeka wangu wa kuswalia na viatu vyenu. Huo nao ni utaratibu?"

Majidi aliinamisha uso. Getruda alifungua mfuko wa karatasi, akatoa kofia pana ya ukili yenye utepe wa kijani, akaiweka mezani. Ilikuwa imekutwa nyumbani kwa mzee, kichwani kwa mjukuu wake wa kike.

"Hii ni ya nani?"

"Ya yule mwalimu. Aliisahau kwenye benchi langu pale sokoni. Nikangoja arudi kuichukua. Hakurudi. Mtoto akaipenda."

"Mlikuwa mnagombana."

"Tulikuwa tunabishana. Kugombana ni kwenu polisi."

"Watu watatu wamekusikia ukimwambia atajuta."

"Na nilisema kweli."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, na ufagio ulikwaruza changarawe bila kukoma.

"Nieleze," Getruda alisema.

Mzee alikaa sawa. Alikuwa mwongoza wageni tangu ujana wake. Babu wa babu yake alikuwa kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara wa wapagazi akiwafungulia njia kwa wimbo, na Nasri hakumwacha mtu yeyote Tabora asahau jambo hilo.

"Alikuja kuuliza matembezi. Nikamwambia nitamtoa sokoni, nimpitishe mitaa ya zamani, nimfikishe Kwihara kwenye tembe, ile nyumba ya kale. Akatoa simu. Akanionyesha mtu mwingine, Zablon, ana nyota sijui ngapi. Nikamwambia, mwanangu, kiongozi wa njia hachaguliwi kwa nyota za simu. Nenda naye mpaka kona ya kwanza, usikilize anavyosalimiwa. Watu wa njiani wakimsalimia yeye kabla yako, endelea. Wakinyamaza, geuka urudi."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Nikakasirika."

"Kwa sababu ulikosa mteja."

"Hilo nalo lilikuwemo. Mimi si malaika."

Getruda alilipenda lile jibu, lakini hakuonyesha. Waongo wengi aliowahi kuwahoji walikuwa malaika watupu.

"Alikuwa na nini mkononi?"

"Simu, mkoba, na jiwe."

"Jiwe?"

"La kusugulia miguu. Zablon alimwambia aje na jiwe la kwao, naye akachukua la mama yake bila kumwambia. Alinionyesha akicheka, akasema mama yangu ataniua." Mzee alisita. Maneno yale yalikuwa yamemrudia vibaya. "Mungu anisamehe. Ndivyo alivyosema."

"Jiwe la kwao la nini?"

"Mama, nasikia umetoka Goweko, na hujui?"

"Goweko tulilima tumbaku, mzee. Nifundishe."

"Kila anayeipita ile njia kwa miguu huja na jiwe la alikotoka, akaliweka kwenye rundo la njiapanda ya Kwihara. Wapagazi walianza hivyo kwa ajili ya wenzao walioanguka safarini. Unaliweka, unasema: nimepita salama, nawe lala salama. Sisi tunaowatembeza wageni tumeishika desturi hiyo."

"Na mgeni asipofika? Akiugua katikati?"

"Kiongozi anamwekea. Jiwe la mgeni halitupwi." Mzee alisema hivyo kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza hakuwa anajibizana na mtu. "Ukilitupa, njia inakufunga. Mimi niliwahi kumbeba Mzungu mwenye homa mgongoni nikamrudisha mjini, kisha kesho yake nikaenda peke yangu kumwekea jiwe lake."

"Na Zablon analijua hilo?"

"Kazaliwa Kwihara, tena nyumba ya karibu na tembe. Mtoto wa Kwihara anaweza kuwa mlevi, mwizi, hata asiyeingia msikitini wala kanisani. Jiwe la mgeni hatalitupa. Hilo kalinyonya na maziwa ya mama yake."

Getruda alisimama. Mlangoni aligeuka.

"Kunywa chai, mzee. Si ya mwenye hatia. Ni ya mgeni."

Mzee alikitazama kikombe, akamtazama Majidi, kisha akakivuta.

*

Ukumbini, mama mmoja aliketi wima kwenye benchi, mkoba mapajani. Alikuwa Apolinaria, fundi cherehani wa Kirumba, mama yake Elieth. Alikuwa amefika kwa basi jana yake, na tangu afike hakuna aliyemwona akilia.

"Mmempata?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Shemeji zangu wameshatandika mikeka. Wanasema miezi inakwenda, watu wanataka kuweka matanga. Nimewaambia watandike, wakae wao. Mimi sikai chini." Alisema polepole, kama anayepima kitambaa kabla ya kukikata. "Mama akikaa chini, mtoto amekufa. Nionyesheni kwanza. Mkinionyesha mzima, tutaondoka wote. Mkinionyesha vinginevyo, nitakaa. Lakini sikai juu ya maneno ya watu."

Getruda aliketi ubavuni pake. "Niwekee tena ule ujumbe wa sauti wa Elieth."

Apolinaria alitoa simu. Sauti ya msichana ikatoka, changamfu, na nyuma yake jogoo anawika.

"Mama, shikamoo. Kesho ndiyo naenda, usiogope. Nimechagua vizuri, nimesoma maoni yote ya watu. Kikundi kidogo, mchana kweupe, kiongozi ana kitambulisho, anajua na huduma ya kwanza. Halafu usinigombeze, jiwe lako la miguu ninalo mimi. Anataka kila mgeni aje na jiwe la kwao. Nitakununulia lingine."

"Alichagua kama anayechagua mchumba," mama alisema.

"Ukiliona jiwe lile utalijua?"

"Lilikuwa la mama yangu. Limelika katikati kama kiganja. Pembe moja imevunjika, Elieth mwenyewe alilidondosha bafuni akiwa mdogo. Nilimchapa." Aliifunga simu. "Nitalijua hata gizani."

Ofisini, Majidi alifunga mlango kwa kisigino.

"Afande, mkubwa anataka Mzee Nasri apandishwe mahakamani kesho kutwa. Kofia ipo, vitisho vipo, mashahidi wapo."

"Nisomee maelezo ya Zablon."

"Nilimhoji mwenyewe. Anasema walipatana kwa simu tu, hajawahi kumtia machoni. Asubuhi ile alimngoja nje ya nyumba ya wageni, hakutoka. Akapiga simu, haipatikani. Akaondoka. Yule mhudumu wa mapokezi, Tunu, anasema Elieth alitoka mapema na mkoba wake, na hakumwona mtu nje."

"Kwa hiyo kwa maneno yake, Elieth hakutembea naye."

"Hata hatua moja."

"Na jiwe?"

Majidi alikuna shingo. "Kwenye mkoba wake hamna, kwa kuwa mkoba wenyewe hamna. Chumbani halikuwepo."

"Basi jiwe lilitoka naye. Liko mahali."

"Kama liko kwenye rundo la njiapanda, itakuwa nini? Anaweza kuwa alikwenda peke yake akaliweka. Anaweza kuwa alikwenda na mzee."

"Sawa kabisa. Kwenye rundo la njiapanda halitatuambia mengi. Ila nataka kujua lilipo, na aliye na uwezo wa kuliapia ni mmoja tu."

"Afande, huwezi kumpeleka mama wa watu kwenye..."

"Nimeshamuuliza."

"Akasemaje?"

"Aliuliza avae viatu gani."

Getruda aliufungua ukurasa wa Zablon kwenye simu yake mwenyewe. Nyota zilipangana kama meno. Watu wa Dar, wa Nairobi, wa Ulaya, wote walisifu upole wake. Mmoja alisema alijisikia salama kuliko nyumbani. Akaandika kwamba yeye ni muuguzi wa Kahama, yuko na mama yake mkubwa, wanataka kutembea. Zablon hakumjua. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa.

*Karibuni sana. Kikundi changu ni kidogo, sichanganyi watu. Vaeni viatu vya kutembelea. Na kila mgeni aje na jiwe la kwao.*

"Maneno ni yaleyale," Majidi alisema, na hakubisha tena.

*

Zablon alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, shati lake limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, kitambulisho kinaning'inia kifuani kwa kamba ya buluu, kofia ya kitambaa kichwani. Aliwapokea Getruda na Apolinaria pale lami inapoishia. Alimwinamia Apolinaria.

"Shikamoo, mama. Nikusaidie mkoba."

"Marahaba. Nauweza."

"Mmekuja na mawe?"

Getruda alionyesha lake, kipande cha jiwe la Goweko lililokaa kwenye sanduku lake la vyombo bila sababu. Apolinaria alifumbua kiganja. Ilikuwa kokoto aliyoiokota mbele ya kituo cha polisi asubuhi ile.

"Hilo ndilo la kwenu, mama?"

"La kwetu lilishatangulia," alisema.

Zablon alitabasamu, kama mtu aliyezoea wazee kusema mambo yao. Akanyoosha mkono. "Tangulieni. Mimi nitakuwa nyuma."

"Nyuma?" Getruda aliuliza. "Tutaijuaje njia?"

"Njia ni moja. Nikiwa nyuma nawaona wote."

Walitembea. Barabara ya vumbi jekundu ilinyooka kati ya mashamba yaliyovunwa, na miembe mikongwe ya wakati wa misafara ilisimama kandokando, kila mmoja na kivuli chake. Zablon alisimulia vizuri, lazima ukweli usemwe. Alisimulia mizigo ya pembe, mablanketi, shanga, watu wenye minyororo, na watu waliobeba kwa ujira na kujivuna. Sauti yake ilitoka nyuma ya mabega yao, laini, haipandi wala haishuki. Mara mbili Getruda aligeuka akamkuta karibu kuliko alivyodhani.

Kisha wakaanza kukutana na watu.

Wazee wawili walikaa kwenye gogo nje ya duka. Mazungumzo yao yalisikika tangu mbali, kicheko na kikohozi. Walipofika, yakakatika. Mmoja alimwitikia Apolinaria shikamoo yake kwa kichwa tu. Mwingine alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Mbele zaidi, msichana aliyekuwa anateka maji kisimani aliacha ndoo nusu akaingia ndani. Mlango ukafungwa. Hakuna aliyesema Zablon, hujambo. Hakuna aliyesema habari za safari. Mtu aliyezaliwa pale, aliyeipita njia ile kila wiki na wageni, alipita kama upepo mbaya, watu wanafunga madirisha.

Kona ya kwanza ilikuwa imeshapita. Getruda alihesabu nyumba zilizonyamaza mpaka akaacha.

Karibu na nyumba za Kwihara, mwanamke alikuwa anang'oa mashina makavu ya tumbaku shambani. Getruda alimsalimia kwa lugha ya nyumbani.

"Mwangaluka, mama."

Mwanamke aliinuka ghafla, kama aliyeitwa na mtu wa kwao. "Mwangaluka, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Getruda. Wa Goweko. Nawe?"

"Sikuzani." Macho yake yalivuka bega la Getruda, yakamkuta Zablon, yakarudi chini. Akaendelea kung'oa. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, kwa Kinyamwezi cha harakaharaka ambacho Zablon naye angekisikia kama angekuwa karibu zaidi: "Bibi zetu hawalali. Wanafukuliwa. Mkifika njiapanda, rudini."

"Anasemaje?" Apolinaria alinong'ona.

"Anasema turudi."

"Mimi sirudi."

Zablon aliwafikia. "Watu wa huku wana aibu na wageni," alisema. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua juu ya kiganja. Shanga za buluu, nzito, za zamani, na bangili ya shaba iliyopindwa. Ndani ya matundu ya shanga mlikuwa na udongo uliokauka. "Hivi haviko kwenye maduka ya mjini. Nawaonyesha wageni wangu wazuri tu. Kumbukumbu ya kweli."

Getruda alichukua ushanga mmoja akauviringisha. "Umetoka wapi?"

"Ardhini. Ardhi ya hapa inatoa."

"Na wageni hawaulizi zaidi?"

"Wengi hawaulizi." Alikunja kitambaa. "Wachache wanauliza."

Apolinaria alikuwa anamtazama usoni. Mwanawe alikuwa mwalimu wa historia, na tangu utotoni hakuwa na breki ya mdomo. Angeuliza shanga zimevuliwa shingo ya nani. Angeuliza mpaka ajibiwe, halafu angesema anakwenda kusema mjini. Getruda aliyaona mawazo hayo yakipita kwenye uso wa mama kama kivuli cha ndege, kisha uso ukatulia tena.

Njiapanda, rundo la mawe lilikuwepo kama Mzee Nasri alivyosema. Pana, la mviringo, limezama nusu kwenye kichuguu, nyasi zimepenya kati ya mawe na ukoga wa kijivu umetanda juu, upande unaotazama mbingu. Apolinaria alilizunguka polepole. Macho yake yalikwenda jiwe kwa jiwe, kama anayetafuta sindano aliyoidondosha. Alimaliza. Akamtazama Getruda, akatikisa kichwa.

Getruda alilitoa jiwe lake la Goweko.

"Hapana," Zablon alisema. "Si hapa."

"Nilidhani ndipo."

"Hapa ni pa kina Mzee Nasri. Pamechoka. Sisi tuna pa kwetu, pa zamani zaidi, pa siri kidogo. Twendeni."

Aliacha barabara. Sasa ndipo alipotangulia. Waliingia kijia kati ya minyaa iliyopandwa ua na kusahaulika, matawi yake mabichi yakiwa marefu kuliko mtu. Sauti za kijiji zilikoma nyuma yao kama mlango umerudishwa. Mahali fulani mbali, injini ya pikipiki ilinguruma ikazimika. Majidi alikuwa ametangulia Kwihara na askari wawili waliovaa kiraia, wakijifanya wanunuzi wa karanga, na Getruda aliomba moyoni kwamba karanga hazijamnogea. Ushanga ulikuwa bado kwenye ngumi yake.

Njia iliishia kwenye korongo kavu. Ukingoni mwake palikuwa na rundo.

"Ni la karne nyingi," Zablon alisema. Alivua kofia, kama anavyovua mtu mahali patakatifu. "Wageni wangu wote tangu katikati ya mwaka wamelikuza."

Mawe ya watu yalimetameta juani. Jiwe jeupe la matumbawe kutoka pwani. Jiwe jeusi lenye matundu, la kaskazini kwenye milima ya moto. Kipande cha kigae. Jiwe lililoandikwa jina la mtoto kwa rangi ya kucha. Watu walikuwa wamekuja kutoka miji yao, wakasoma nyota, wakachagua vizuri, wakaleta kila mmoja kipande cha kwao na kukiweka pale kwa heshima, wakapiga na picha.

Getruda hakutazama mawe ya juu. Alitazama ya chini, yale ya mahali pale. Hapakuwa na unyasi hata mmoja uliopenya. Hapakuwa na njia ya mchwa. Na ukoga wa kijivu ulikuwa umeelekea kila upande, mwingine juu, mwingine ubavuni, mwingine chini kabisa gizani ambako ukoga hauoti. Mawe ya karne nyingi hayajigeuzi. Haya yalikuwa yameng'olewa mahali pengine na kurundikwa juzijuzi, kwa haraka.

Halafu akaona jambo jingine. Rundo la njiapanda lilikuwa la mviringo. Hili lilikuwa refu. Lilikuwa na kichwa na miguu.

"Mama ndiye mkubwa," Zablon alisema kwa upole. "Aanze yeye. Unaweka, unasema nimepita salama, nawe lala salama."

Apolinaria alisogea na kokoto yake. Aliinua mkono. Mkono ukabaki hewani.

Upande wa kichwa, katikati, limepachikwa vizuri kati ya mawe mawili ili lisianguke, kulikuwa na jiwe la kijivu lenye vishimo. Lilikuwa limelika katikati kama kiganja. Pembe moja imevunjika.

Getruda aliushika ule mkono.

"Usiweke, mama."

Zablon aliwatazama wote wawili. Upole bado ulikuwa usoni pake, ila sasa ulikuwa umekaa kama nguo ya kuazima.

"Kuna tatizo?"

"Jiwe lile la kusugulia miguu," Getruda alisema. "Nani aliliweka?"

"Mgeni."

"Mgeni gani?"

"Wanakuja wengi, dada yangu. Sikumbuki wote."

"Pembe imevunjika. Lilidondoshwa bafuni, Mwanza, na mtoto akachapwa. Aliyemchapa ni huyu hapa." Akatoa kitambulisho chake cha polisi, akakishika karibu na kile cha buluu kilichoning'inia kifuani kwa Zablon. "Inspekta Getruda Kasimiri. Uliandikisha maelezo kwamba hukumtia machoni mwalimu Elieth. Hukutembea naye hata hatua moja. Na mahali hapa, kwa maneno yako, ni pa siri, pa wageni wako peke yao. Jiwe lake lilifikaje?"

Zablon alikuwa anamtazama Apolinaria, miguu yake, viatu vyake vya kutembelea, na taratibu ukamjia uso wa mtu mwingine ndani ya uso ule.

"Ungeweza kulitupa korongoni," Getruda alisema. "Mawe ni mengi. Nani angelijua? Simu yake umeificha, mkoba umeuficha. Jiwe ukaliweka juu, tena kwa mpangilio."

"Ningelitupa?" Alishtuka kweli. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusikia sauti yake ikipanda. Aligeuka huku na huku, kama anayetafuta mtu wa kwao amshuhudie. "Jiwe la mgeni? Jiwe la mgeni halitupwi. Alikuwa bado hajaliweka. Nikamwekea."

Maneno yakatoka, yakasimama hapo mbele yao watatu, na hakuna aliyeweza kuyarudisha. Kofia ilimdondoka Zablon mkononi. Minyaa ikatikisika, na Koplo Majidi akatokea na askari wake, akipumua, maganda ya karanga bado yamemng'ang'ania kwenye shati. Zablon hakukimbia. Alinyoosha mikono mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye rundo, kama vile bado ana hofu kuna jiwe limekaa vibaya.

"Afande," Majidi alisema kwa sauti ndogo, akiuona urefu wa rundo.

Apolinaria hakumtazama Zablon wala pingu. Aliiachia kokoto ya kituoni ianguke pembeni, mbali na rundo. Akalichomoa jiwe la mama yake kati ya yale mawili, akalifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akaingiza kidole gumba kwenye ule mbonyeo wa katikati ambao miguu ya wanawake watatu ilikuwa imeuchimba.

Getruda alisogea kumshika bega. Mama alimzuia kwa mkono.

Alifungua khanga yake ya juu, akaikung'uta mara moja, akaitandika juu ya udongo mwekundu kando ya mwanawe. Akavua viatu, akavipanga. Kisha akakaa chini.